Ng'ombe Wanane Bila Punguzo

Bisibo, Biharamulo
4 Juni 2023

Kwa Mzee Evaristi Niyonzima,
Kirushya, Ngara.

YAH: KUMPOSA BINTI YAKO AKIMANA

Shikamoo mzee.

Hatujaonana, kwa hiyo nianze kwa kujitambulisha. Mimi ni Methusela Nshoma, mfugaji na mkulima. Baba yangu alitoka Shinyanga na ng'ombe wake nikiwa na miaka sita, akafika Bisibo akasema hapa panatosha. Nina mke mmoja, Rozina, watoto watano, na duka la vifaa na dawa za mifugo kule Runazi, ambalo linaendeshwa na mwanangu wa pili, Pius.

Pius huyo ndiye sababu ya barua. Binti yako alipopangiwa kufundisha huku Runazi miaka miwili iliyopita, alikuja dukani kununua ndoo. Sijui ndoo ile ilikuwa na nini, maana mpaka mwaka unaisha mwalimu alikuwa amenunua ndoo nne, na mtu anayeishi peke yake hahitaji ndoo nne. Nilipombana Pius akasema ukweli. Wameshakubaliana. Siku hizi sisi wazazi tunaletewa habari wenyewe wakiwa wamemaliza, na silalamiki.

Mimi si mtu wa maneno mengi. Taja mahari kwa desturi ya kwenu, nami nitatekeleza. Mleta barua ni Fideli, anayenunua maharage kwenu na kuyauza huku. Tumemfanya mshenga kwa sababu ana gari na anaijua lugha yenu. Barua hizi tuziandike kwa karatasi, maana huku machungani simu hupatikana mtu akipanda kichuguu, na jambo la heshima halisemwi juu ya kichuguu. Ndani ya bahasha kuna kitu kidogo cha kufungulia barua.

Wako,
Methusela Nshoma


Kirushya, Ngara
25 Juni 2023

Kwa Bwana Methusela Nshoma, Bisibo.

Marahaba.

Barua yako imesomwa mara mbili mbele ya ndugu. Macho yangu hayasomi tena, na Kiswahili changu ni cha sokoni. Mimi nasema kwa lugha ya nyumbani na J. anaandika. Usishangae ukiona maneno yamenyooka kuliko mzee wa miaka sabini na minne anavyoweza kuyanyoosha.

Nami nijitambulishe. Nilivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili nikiwa kijana. Nilipewa hapa shamba la migomba, nikaoa hapa, nikamzika hapa mke wangu Véronique. Akimana ni binti yangu wa mwisho. Ana hasira za haraka na hapendi kuosha vyombo, lakini hasemi uongo. Nimeona mwanao naye hakusema uongo juu ya ndoo, hilo limenipendeza.

Ninataja hivi: ng'ombe wanane, blanketi la shangazi yake, na jembe moja jipya. Wazee wenu waje tukae, baada ya mavuno ya maharage, siku watakayoipenda wenyewe. Waje na mtu mwenye maneno.

Evaristi Niyonzima (dole gumba)
Kwa mkono wa J.


Runazi, Biharamulo
16 Julai 2023

Dada Josiane, shikamoo.

Barua uliyomwandikia baba imefika na imesomwa kwa sauti nyumbani kwa akina Pius. Nilikuwa jikoni na mama yake, tunasikia. Mzee Methusela alipofika kwenye hesabu aliuliza, "Wanane tu?" Kwao binti mwenye cheti cha ualimu hutajiwa ishirini na zaidi. Amedhani baba amemhurumia kabla ya kuombwa. Kesho yake asubuhi alikuwa zizini anachagua.

Dada, nikueleze juu ya mzee huyu. Juu ya mlango wa duka lake kumeandikwa kwa rangi nyekundu: BEI NI MOJA. USIOMBE PUNGUZO. Ile ndoo yangu ya kwanza Pius alinipunguzia shilingi mia tano. Baba yake akajua, akamlazimisha azitoe mfukoni mwake. Ndiyo maana nilinunua nyingine tatu kwa bei kamili, nilitaka kumtoa Pius hatiani. Ujumbe wa punguzo la vifurushi ukiingia kwenye simu yake, mzee anaufuta bila kuusoma. Machinga akimwambia "mzee nakupa punguzo," anaacha kununua. Sijui neno hilo lilimkosea nini.

Sasa fikiria mimi nimwambie Pius, "Mwambie baba yako aombe punguzo kwa baba yangu." Nitakuwa msichana anayejishusha bei mwenyewe, na mbele ya mzee huyu sitainua uso tena. Nikinyamaza, watalipa wote wanane, na mimi nitatoka nyumbani bila mtu hata mmoja aliyetajwa. Matokeo yake unayajua kuliko mtu yeyote. Naogopa, dada. Nampenda Pius na naogopa, vyote kwa pamoja. Mwambie baba aandike waziwazi.

Mdogo wako,
Akimana


Kirushya
30 Julai 2023

Mdogo wangu Akimana,

Marahaba. Nimemwambia baba. Amekataa. Anasema punguzo linaloombwa kwa kuelekezwa halina kazi. Anayeoa anapaswa kujua mwenyewe kwamba anachukua mtu wa watu. Nikamwambia hawa ni watu wa Shinyanga, desturi yetu hawaijui. Akasema basi watakuja kukaa, wakikaa wataona, wakiona watauliza. Ana hakika watakuja kukaa.

Nilitaka kuongeza mstari wangu mwenyewe chini ya barua ile. Niliuandika kwenye karatasi nyingine nikauchoma jikoni. Mimi si mtu wa kuweka neno kwenye ndoa ya mtu. Naandika ninachoambiwa.

Usiache kula.

Josiane


Bisibo
12 Agosti 2023

Mzee Evaristi, shikamoo.

Ng'ombe wanapakiwa kwenye fuso leo Jumamosi, watafika kesho. Ni wanane kamili kama ulivyotaja: mitamba mitano, majike wawili waliokwisha kuzaa, na fahali mmoja. Mmoja ana mimba. Nimewachagua mwenyewe na hakuna mwenye kasoro, isipokuwa yule mwekundu ambaye pembe yake moja ni fupi, alizaliwa hivyo. Kibali cha kuwasafirisha anacho Fideli, pamoja na blanketi na jembe.

Sikukupotezea muda kwa kuja kubishana. Umetaja, nimelipa. Sijaomba punguzo wala sitaomba. Hiyo ndiyo heshima ninayompa binti yako.

Tupange siku ya harusi.

Methusela Nshoma


Kirushya
16 Agosti 2023

Bwana Methusela,

Ng'ombe wako walifika Jumapili watu wakitoka kanisani. Parokia nzima iliwaona wakishushwa. Hakuja mzee hata mmoja. Alikuja dereva, Fideli, na karatasi.

Sikushika kamba. Kwetu baba wa binti akishika kamba ya ng'ombe wa kwanza, mambo yamekwisha. Kamba ilinyooshwa kwangu, nikaweka mikono nyuma. Mimi nilitaja, nikatandika mikeka, nikakoroga pombe ya ndizi ya watu ishirini, nikasubiri wazee. Umenitendea kama mwenye duka: ametaja bei, umelipa, umeondoka. Binti yangu si ndoo.

Wanyama wako wamefungwa katikati ya migomba. Hapa hatuna malisho. Waje wachukuliwe.

(Hapa baba amesema jambo moja jingine. Sijaliandika. J.)

Evaristi Niyonzima (dole gumba)
Kwa mkono wa J.


Bisibo
27 Agosti 2023

Mzee Evaristi, shikamoo.

Nina miaka hamsini na tisa. Nimegombezwa kwa kuchelewa kulipa, nimegombezwa na watu niliowanyima mkopo wa dawa za mifugo. Kugombezwa kwa kulipa chote na kwa wakati, hii ni mara ya kwanza.

Nimefikiri sana. Kama kosa ni Usukuma wetu, lisemwe, maana hilo sina uwezo wa kulirekebisha. Kama wanane ni wachache, na mimi nilijua tangu mwanzo kwamba ni wachache, basi naongeza wawili wawe kumi, na tusisumbuane. Kuwarudisha sitawarudisha. Ng'ombe wa mahari akirudi zizini kwangu, watu watasema mwanangu amekataliwa, na Pius hastahili hilo. Tangu juma lililopita anapanga makopo ya dawa ambayo yalikwisha kupangwa.

Halafu mwandishi wako. Herufi zake zote zinaangukia kushoto utadhani zimelewa. Rozina amesoma kwa kugeuza karatasi. Na kama kuna neno limesemwa halikuandikwa, naomba liandikwe. Mimi ni mtu mzima, nitalibeba.

Methusela Nshoma


Kirushya
10 Septemba 2023

Mzee Methusela, shikamoo.

Ni mimi Fideli. Simu yako haipatikani, naona siku hizi hupandi kichuguu. Nimekuja kuchukua maharage nikaona heri nikuandikie hali ilivyo, barua ataileta utingo wangu.

Ng'ombe wako wanaishi vizuri kuliko sisi. Mpwa wa mzee, anaitwa Bukuru, anawakatia majani kila siku na kuyaleta kwa baiskeli, hana kazi nyingine sasa. Mzee mwenyewe amegeuza kiti chake, anakaa akiwapa mgongo. Juzi walikata kamba wakaingia kwa mama Eustakia, jirani, wakala maharage yake yote ya mbegu. Alikuja na fimbo, akaitazama hali ile, akakaa chini akacheka. Hakwenda kwa mwenyekiti. Alhamisi yule mweusi alizaa, ndama jike. Kwa hiyo wale wanane wasiopokelewa sasa ni tisa wasiopokelewa. Maziwa mzee hayagusi, anampelekea Eustakia kwa pole ya maharage.

Kosa langu nalikiri. Mimi desturi yao naijua, nilijua wanangoja muombe punguzo. Lakini mzee wangu, wewe umelikataa neno hilo kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Nani alikuwa na ubavu wa kukuletea? Nikasema labda una sababu zako.

Paroko anauliza kama harusi tuliyomtajia, ya Desemba, bado ipo. Nimemwambia tunaomba Mungu. Mwalimu Akimana amekonda.

Fideli


Kirushya
24 Septemba 2023

Bwana Methusela,

Ulitaka lile neno liandikwe. J. hakutaka. Nimemwambia aandike kama anavyowaandikia watu wengine barua zao, na amekubali.

Usukuma wenu haunihusu, mimi mwenyewe ni mtu wa kuja. Kumi siwataki. Hata wanane sikuwataka. Kwetu baba hataji mahari ili alipwe, anataja ili aombwe. Nikisema wanane, mzee wenu anasimama anasema: tunaomba punguzo kwa jina la fulani. Anamtaja mtu wa upande wa binti, aliye hai, anayejulikana. Huyo aliyetajwa anaulizwa, na akikubali, ng'ombe mmoja anatoka kwenye hesabu. Ng'ombe huyo halipwi kamwe. Nyumba ya mume inabaki imepewa kitu na mtu huyo, na siku ugomvi ukitokea, mume na wazee wake hawana njia ya kukataa kuja kukaa mbele yake. Wakitajwa watatu, binti ana watu watatu. Asipotajwa yeyote, binti amekwenda na hana wa kumsemea.

J. ananiambia neno la Kiswahili kwa jambo hili ni punguzo, na kwamba huandikwa kwenye maduka ya viatu. Hakupata jingine. Basi naliacha hilo hilo, viatu vitatuvumilia.

Sasa lile ambalo halikuandikwa. Nina binti mwingine, wa kwanza. Miaka tisa iliyopita alikuja kumwoa mtu mwenye biashara ya dhahabu. Nilitaja sita. Alitoa thamani ya sita, fedha taslimu ndani ya bahasha, kwa nusu saa, akasema ana haraka. Mke wangu alikuwa amelazwa na mimi nilihitaji fedha. Sikumwambia kaa. Nilipokea na nikashukuru. Kosa hilo ni langu.

Mwaka wa tatu binti alirudi ana alama usoni. Nikatuma wazee. Watu wa mume wakauliza: ni nani aliyetajwa? Hakuwepo. Wakasema: basi tulilipa yote, hatuna cha kuzungumza na ninyi. Wakamchukua. Mwaka wa nne alirudi tena, usiku, kwa miguu kutoka barabara kuu. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Safari hiyo nilimficha kwa Bukuru nikakaa mlangoni na panga majuma mawili, mzee mimi. Hawakuja. Mkono uliunga vibaya. Yupo nyumbani mpaka leo, na kutoka hatoki isipokuwa kwenda kanisani.

Ulipolipa wote wanane bila kukaa, mimi niliiona tena bahasha ile. Kwa Akimana sipokei bahasha.

Evaristi Niyonzima (dole gumba)
Kwa mkono wa J.


Bisibo
15 Oktoba 2023

Mzee Evaristi, shikamoo.

Barua yako Rozina aliisoma kwanza, kimya, akaikunja. Kisha akazileta zile za zamani, akazipanga zote mezani, akaniambia nisisome maneno, nitazame mwandiko. Nikatazama. Mimi ni mjinga wa mambo mengi, lakini mfupa ulioungwa vibaya naujua, nimefunga miguu ya ndama wengi. Mkono wa namna hiyo ukishika kalamu, herufi zitalala tu.

Nilizicheka. Naomba radhi kwa mwenye mkono. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa kijana, na yule kijana nitakueleza habari zake, kwa kuwa wewe umenieleza zako.

Mwaka wa themanini na saba baba yangu alikwenda kumposa Rozina kwa ajili yangu. Ukame ulikuwa umetumalizia mifugo. Walitaja ishirini na wawili. Baba aliomba punguzo. Hakuomba kwa jina la mtu, kwetu haliombwi hivyo. Aliomba kwa sababu hatuna. Aliomba kutwa nzima, mwisho akapiga magoti, wakafika tisa. Vijana wa pale walikuwa wanacheka na mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Rozina alipokuja kwetu, wake za kaka zangu walimwita "wa punguzo." Walimwita hivyo kisimani, shambani, hata msibani. Haikukoma mpaka tulipopata mtoto wa tatu. Yeye hajawahi kunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililonikaa moyoni. Nilipofungua duka nikaandika vile kwa rangi nyekundu. Watu wanadhani ni ubahili. Niliapa hakuna mke wa mwanangu atakayeitwa jina hilo. Kwa hiyo nilikimbia kulipa.

Jana nilimuuliza Rozina nifanye nini. Akasema, "Kuomba kuliniuma kwa sababu baba yako hakumtaja mtu. Aliomba kama anayenunua mbuzi. Wewe omba kama mzee alivyokueleza, mimi nitakaa pembeni yako." Ameketi hapa sasa hivi.

Nimeandika sentensi inayofuata mara nne nikachana karatasi. Hii ni ya tano.

Mzee, tunaomba punguzo kwa jina la mama Eustakia, ambaye ng'ombe wetu wamekula mbegu yake na hakutushtaki.

Tunaomba punguzo kwa jina la Bukuru, ambaye huu ni mwezi wa tatu anakata majani kwa ajili ya mifugo isiyo yake, na ambaye nyumba yake imewahi kumficha mtu.

Na tunaomba punguzo kwa jina la binti yako wa kwanza, aliyeshika kalamu. Jina lake silijui. Ameandika barua zote hizi na hakuna hata moja aliyoliandika. Fideli analijua, Akimana analijua; nimewakataza wasiniambie. Nataka alitaje mwenyewe, kama atakubali. Akikataa nitaelewa, nitalipa wote na nitanyamaza. Akikubali, ajue anakubali nini. Siku Pius akimwinulia Akimana mkono, mimi Methusela nitapanda gari la Fideli, juu ya magunia ikibidi, nije nikae mbele ya dada yake nisikilize.

Najua haya kwenu husemwa kwa mdomo. Tutakuja na wazee wanne Jumamosi tarehe 4 Novemba tuyaseme yote tena. Nimeanza na karatasi kwa sababu mwenye jina ni mtu wa karatasi, nami sikutaka aulizwe mbele ya watu kabla hajajua kwamba ataulizwa.

Methusela Nshoma


Kirushya
29 Oktoba 2023

Bwana Methusela,

Marahaba. Sasa umekuwa mtu wa maneno.

Eustakia ameulizwa. Amekubali, ila anasema mbegu ya maharage ni jambo jingine, gunia lake alete yule Fideli asiyesema mapema. Bukuru ameulizwa. Alikubali sijamaliza kuuliza, kwa kuwa amechoka na majani.

Wa tatu ameulizwa. Leo ameomba aandike mwenyewe kuanzia hapa, kwa hiyo mimi nimemaliza.

Evaristi Niyonzima (dole gumba)

Mzee Methusela, shikamoo. Na mama Rozina, shikamoo.

Barua yako niliisoma kwa sauti, baba akisikiliza. Nilipofika mahali ambapo jina langu lingekuwa, niliacha. Baba akauliza kama na macho yangu yameharibika. Nikamwambia asubiri kidogo. Nilitoka nikaenda kukaa na ng'ombe wako, nikalia, na yule ndama akanilamba goti. Kisha nikarudi nikamalizia.

Radhi nimeipokea. Herufi zangu zinalala kweli, hata watoto wa Bukuru huzicheka. Miaka mitano nimewaandikia watu wa hapa barua zao, za shule, za mipaka ya mashamba, za posa. Naandika majina yao yote, changu ni herufi moja mwishoni. Nilijua kwamba mtu aliyelipiwa yote na akarudi hawezi tena kutajwa kwenye jambo la mtu mwingine. Nilikuwa na hakika. Ulipouliza ndipo nikawauliza wazee. Wamesema hakuna aliyewahi kuuliza, kwa hiyo hakuna anayekataza.

Nimekubali. Wamebaki watano, na ndama abaki na mama yake, baba amekwisha kumpa jina ingawa anajifanya hajampa. Ng'ombe wa kwangu ni yule mwekundu mwenye pembe fupi. Mkija Jumamosi mrudi naye Bisibo pamoja na wale wawili wengine, yeye akae zizini kwako mahali Pius atakapomwona kila asubuhi. Mikeka itatandikwa na pombe imekwisha kuwekwa. Kamba ya ng'ombe wa kwanza ilikuwa imechakaa, baba amesuka nyingine mwenyewe.

Siku ikilazimu kuja kukaa mbele yangu, mtanikuta. Nyumba yetu ni ya tatu baada ya kanisa. Naomba isilazimu, lakini mtanikuta.

Nimemsomea baba haya yote. Akanyoosha dole gumba nilipake wino. Nimemwambia sehemu hii si yake.

Josiane Niyonzima